Grisi Kwenye Breki

Bi Hamira hakuwa mtu wa kudharau kila kiumbe. Aliiheshimu kumbukumbu ya baba yake, aliliheshimu tanuri lake, na alimheshimu mtu yeyote aliyefika kazini kabla ya kuitwa. Waliobaki aliwapandisha na kuwashusha kwa jicho moja, akabetua midomo, akaendelea na kukanda unga. Jina hilo alipewa na wateja wa mikate yake, nusu kwa ajili ya kazi, nusu kwa sababu neno lake moja dogo lilitosha kumvimbisha mtu akashinda kutwa amefura.

Lakini katika wote aliowahi kuwadharau, hakuna aliyefikia kiwango cha shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Shemeji huyo aliuza magodoro. Si kazi mbaya, watu lazima walale. Shida ni kwamba alikuwa amejibatiza mwenyewe jina la Injinia, kwa sababu aliwahi kufungua feni ikakubali kuzunguka tena, na tangu siku hiyo hakuna mashine mtaani iliyopumzika. Alifungua redio ya jirani, ikanyamaza moja kwa moja. Alifungua jiko la gesi la mkwewe, ikabidi watu wote watoke nje wakae uani mpaka harufu iishe. Kila alipoharibu, alikuwa na maelezo marefu yenye maneno magumu, na dada mtu alikaa pembeni akiitikia kwa kichwa. Bi Hamira alikuwa akimwangalia dada yake anavyoitikia, na moyoni akasema kwamba kuna watu wanaoolewa na mume, na kuna wanaoolewa na kelele.

Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba. Ilikuwa nzee, tanki limechubuka rangi, kiti kimeshonwa na kushonwa tena, lakini ndiyo iliyokuwa ikibeba makreti ya mikate kila asubuhi kwenda kwenye maduka na hoteli ndogo. Ilianza kusumbua taratibu. Kwanza ikawa ngumu kuingia gia. Ukiisimamisha injini ikiwa inawaka, fri, ile nafasi isiyo na gia, haipatikani; unakanyaga juu, unakanyaga chini, inaruka kutoka moja kwenda mbili kama mtu anayekukwepa njiani. Ukikamata mkono wa klachi na kuubana wote, bado pikipiki ilitaka kutambaa mbele. Kisha gurudumu la nyuma likaanza kulia kila breki inapokanyagwa. Halafu siku moja, akirudi na makreti matupu, gia ikakwama kwenye mbili, ikakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Bi Hamira aliizima, akaisukuma mpaka nyumbani, jasho likichanganyika na unga uliokuwa shingoni.

Aliingia uani na kumkuta shemeji amekaa kwenye kibaraza cha mama mkwe wake, kikombe cha chai mkononi.

"Giaboksi imekwisha hiyo," shemeji alisema kabla hata pikipiki haijasimama. "Nimesikia tangu kona kule."

"Umesikia nini, shemeji? Nimekuja nimeizima."

"Ndiyo. Ukimya wake. Injini nzima ikizimwa haina ukimya wa namna ile."

Bi Hamira alisonya, msonyo mrefu ulioanza uani ukamalizikia jikoni.

Mama yao alikuwa mzee, na kama wazee wengi alikuwa na udhaifu kwa mkwe. Mkwe akija na kilo ya sukari, mama alisimulia sukari hiyo mwezi mzima. Binti aliyemlisha na kumwogesha hakusimuliwa. Jioni ile mama alimwita Bi Hamira chumbani kwake.

"Mwache mume wa dada yako aitazame. Amejitolea mwenyewe."

"Mama, yule hata baiskeli hajui inasimamaje."

"Hivyo ndivyo unavyoongea na watu, kisha unashangaa hawakusaidii. Mwache. Kwa ajili yangu."

Kwa ajili ya mama, akamwacha. Na pia, tuseme ukweli, kwa ajili ya tanuri, kwa maana unga ukishaumuka haumngojei mtu, na yeye asingeweza kuwa na spana mkono mmoja na mkate mkono mwingine.

Shemeji alikuja siku ya mapumziko akiwa na sanduku jipya la vifaa, karatasi ya dukani bado imegandishwa kwenye kifuniko. Alivaa ovaroli iliyokuwa safi kupita kiasi. Aliegemeza simu kwenye ndoo, akafungua video ya mtu aliyekuwa akitengeneza pikipiki ya aina nyingine kabisa, akaanza kazi. Dada alimletea kigoda. Mama alimletea maji. Bi Hamira, kila alipotoa trei tanurini, alichungulia dirishani, na kila alipochungulia aliona nati nyingine imelala chini kwenye vumbi.

Alimwona akilegeza waya wa klachi. Akatikisa kichwa, kwa sababu waya ule ulikuwa umeshavutika kwa uzee na tayari umelegea. Ndiyo maana klachi ilikuwa haiachii vizuri. Kuulegeza zaidi ilikuwa sawa na kumfungulia mlango mgonjwa wa baridi. Lakini mikate ilikuwa ikiungua kwenye kona ya kushoto, akairudia. Alipochungulia tena, shemeji alikuwa amelitoa gurudumu la nyuma. Mara nyingine akamkuta amechuchumaa mbele, akifungua mahali bomba la mafuta ya breki linapoingia, huku mafuta yakimdondokea kwenye ovaroli.

"Unafanya nini hapo?" aliuliza kupitia dirishani.

"Naangalia kama mafuta yanafika."

"Na yamefika?"

Shemeji alijitazama gotini palipolowa. "Yanafika," alisema.

Mchana ulipokaribia kwisha, aliita watu. Hakumwita mwenye pikipiki peke yake, la. Alimwita mkewe, akamwita mama mkwe, akawaita majirani wawili waliokuwa wakipita, akamwita na fundi seremala wa mteremkoni aliyekuja kuchukua mkate wake. Walisimama wote getini kana kwamba kuna mtu anaagwa kwenda ng'ambo.

"Tatizo lilikuwa msuguano," Injinia alitangaza. "Chuma kikikutana na chuma bila ulainisho, mnapata zile kelele mlizozisikia. Sasa mtaona."

Bi Hamira alitoka na mikono yenye unga mpaka viwikoni. Aliushika mkono wa breki ya mbele, akaubana. Ukaenda wote mpaka ukagusa usukani, laini kama anabana sifongo. Upepo umeingia kwenye bomba, basi. Akakanyaga breki ya nyuma. Ikazama bila kuuma. Akainama, akapitisha kidole pembeni ya ngoma ya gurudumu, pale inapokutana na bamba lake. Kidole kilirudi cheusi, kinang'aa.

Alikinusa. Ilikuwa grisi. Mwanamume huyu alikuwa amevitoa viatu vya breki, vile vipande viwili vya duara vinavyobana gurudumu kwa ndani mpaka lisimame, akavipaka grisi ili visipige kelele.

Hapo ndipo Bi Hamira angeweza kusema mambo mawili tu, kwa sauti ya kawaida: pikipiki hii haina breki, usiipande. Angeweza pia kunyoosha mkono akachomoa ufunguo, maana ulikuwa karibu kabisa na mkono wake. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, na dharau yake ilikuwa imeumuka kutwa nzima, na dharau ikishaumuka, kama unga, inatafuta pa kumwagikia.

"Shemeji," alisema, akiinua kile kidole ili wote wakione, "wewe umepaka grisi kwenye breki. Magodoro yako yana breki kuliko hii pikipiki. Ukitoka nayo hapa utasimamishwa na ukuta, na ukuta nauonea huruma."

Majirani waliangua kicheko. Seremala alicheka mpaka akashika goti. Na dada, ambaye miaka yote alikuwa akiitikia kwa kichwa, naye akacheka. Kilimtoka tu, kifupi, akakiziba haraka kwa kiganja. Lakini mumewe alikuwa amekwisha kumwona.

Uso wa shemeji ulibadilika. Alirusha mguu, akakaa, akapiga kiki. Injini ikawaka.

"Shuka bwana," dada alisema.

"Wanaojua kucheka wacheke," shemeji alisema, na akatia gia.

Pikipiki iliruka mbele kwa kishindo kwa sababu klachi ilikuwa haiachii. Akakanyaga, ikaingia mbili, na hapo hapo ikakwama kama ilivyokuwa imekwama kwa Bi Hamira. Barabara ya pale hutambaa tambarare kidogo, kisha huteremka kuelekea karakana ya seremala. Walimwona akifika kwenye mteremko. Walimwona akibana mkono wa breki, na kwa hofu akiuzungusha na ule wa kuongeza mafuta papo hapo, maana yote miwili iko upande mmoja, injini ikanguruma zaidi. Waliuona mguu wake ukikanyaga breki ya nyuma, ukikanyaga, ukikanyaga. Kisha akakunja kona isiyokuwepo, akavipitia na kuvivunja vitanda viwili vipya vilivyokuwa vimeanikwa vikauke vanishi, akaingia kwenye lundo la mbao.

Bi Hamira ndiye aliyefika wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kukimbia kabla ya wengine. Shemeji alikuwa amelala kwa ubavu kwenye maranda, ovaroli imechanika, mfupa wa bega umeinuka mahali ambapo mfupa hauinuki. Hakuwa akilia. Alikuwa akitazama juu kwa mshangao, kama mteja aliyeuziwa godoro bovu.

"Usijitikise," Bi Hamira alimwambia.

"Ilikuwa ikubali," alisema shemeji. "Ilikuwa karibu ikubali."

Hospitali walimfunga mkono na bega, wakamwambia mfupa umevunjika lakini utaunga. Ilikuwa ni korido ndefu yenye benchi la mbao, na dada mtu alikaa mwisho wake mmoja, Bi Hamira mwisho wa pili, katikati pakabaki nafasi ya watu wanne. Unga ulikuwa umemkaukia Bi Hamira mikononi, akawa anaubandua vipande vipande.

"Ulijua," dada alisema bila kumgeukia.

"Nilimwambia."

"Hukumwambia. Ulimchekesha mtaa mzima. Mtu akiambiwa hivyo mbele za watu, unataka ashuke aende wapi?"

"Na wewe ulicheka."

"Nilicheka," dada alisema. "Ndiyo sababu sina la kumwambia humo ndani. Lakini mimi sikujua kama breki hazipo. Wewe ulijua, na ufunguo ulikuwa hapo."

Bi Hamira alikuwa na majibu matatu, yote makali, yote tayari mdomoni. Aliyameza. Njiani kurudi nyumbani alijiambia kwamba mtu mzima anayepanda chombo kibovu ni juu yake mwenyewe. Kisha akajiambia kwamba mjinga ni mjinga hata ukimbembeleza. Kisha akaishiwa na vya kujiambia.

Asubuhi alikodi mkokoteni wa kupelekea mikate. Mikate ilifika imechelewa, na wateja waliuliza habari kwa nyuso za watu waliokwisha kuisikia. Alasiri, tanuri lilipopoa, aliivuta pikipiki kutoka kwenye mbao za seremala hadi chini ya kivuli cha paa lake na kuanza upya, kwa utaratibu aliokuwa akiuona kwa baba yake: usifungue kikubwa kabla hujamaliza vidogo.

Alianza na klachi. Aliukaza waya taratibu mpaka mkono wake ukabaki na mchezo mdogo tu kabla ya kuanza kuvuta. Akawasha injini, akabana klachi, akatia gia. Pikipiki ikatulia mahali pake, haikutambaa tena. Hilo moja likawa limekwisha. Giaboksi ambayo Injinia alikuwa ameihukumu kifo kwa kusikiliza ukimya haikuwa na kosa. Bi Hamira alisonya, safari hii peke yake, na msonyo bila msikilizaji hauna ladha.

Lakini gia ya mbili ilikuwa bado inakwama. Alichuchumaa akalitazama kanyagio la gia. Lilikuwa limepinda kuelekea ndani. Ukilikanyaga, ncha yake inagusa kifuniko cha injini kabla gia haijamaliza kuingia au kutoka. Kila mahali lilipogusa palikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Alikunja uso. Mbao za seremala? Hapana, pikipiki ilikuwa imeanguka ubavu wa pili. Akakaa chini akatafakari. Kisha akakumbuka ile asubuhi ya mvua mbele ya ghala la unga, alipoiegesha kwa haraka kwenye tope, stendi ikazama, ikalala ubavu huu huu. Aliinua, akafuta tope, akaenda zake. Ugumu wa gia ulianza baada ya hapo. Waya ulikuwa umelegea kwa uzee, hilo si la mtu. Lakini kanyagio lilikuwa kosa lake.

Alilifungua, akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, likapashwa moto na kunyooshwa, akalirudisha na kuikaza nati mpaka ikalia.

Kisha akaifungua breki ya nyuma. Grisi ilikuwa imejaa ndani ya ngoma kama siagi iliyopakwa na mtoto anayetaka kujionyesha kwa wageni. Viatu vyenyewe vilikuwa vimeinywa. Ukivisugua, vinatoa tena. Visingeponyeka. Akavitupa, akaosha ngoma kwa petroli, akaikausha, akaipitishia msasa, akaweka viatu vipya na kurekebisha kijiti cha chuma kinachovivuta mpaka breki ikauma mguu unapogusa, na gurudumu likazunguka huru mguu unapoinuka.

Ikabaki ya mbele, na hiyo ilimshinda peke yake. Kutoa upepo kwenye bomba kunataka watu wawili: mmoja abane mkono wa breki na kuushikilia, mwingine afungue kidogo nati ya chini upepo utoke. Mama mikono yake ilikuwa imekwisha nguvu. Dada alikuwa hakanyagi uani. Bi Hamira alikuwa amesimama akifikiria kumwita seremala, mtu aliyevunjiwa vitanda viwili, geti lilipolia.

Alikuwa shemeji, mkono mmoja umefungwa kifuani, na mwingine umebeba kikopo cha mafuta ya breki. Kipya, na cha aina yenyewe. Bi Hamira alikitazama kikopo zaidi kuliko alivyomtazama mtu.

"Nimesikia bado haijatengemaa," shemeji alisema.

"Umesikia kutoka kona ipi?"

Shemeji hakucheka, wala hakukasirika. Alivuta kigoda kwa mguu, akakaa karibu na usukani. "Niambie nishike wapi."

Bi Hamira alimwonyesha, akamtajia kwa kifupi alichokwisha kurekebisha, klachi, kanyagio na breki ya nyuma. Aliunganisha kibomba cha plastiki chini, akakizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo, akalala ubavu.

"Bana. Bana tena. Shikilia, usiachie mpaka nikwambie."

Alifungua nati. Mapovu yakatoka. Akafunga. "Achia."

"Ningekuwa mimi ningeanzia juu," shemeji alisema.

"Bana."

Alibana. Mapovu yakatoka tena, makubwa, kisha madogo. Waliendelea hivyo, yeye akiamuru, mwenzake akitii kwa mkono mmoja, jasho la maumivu likimtoka kwenye paji kila alipojisogeza. Hakulalamika. Alitoa ushauri mara nyingi, wote wa kipuuzi, lakini hakulalamika.

"Ile grisi," alisema baadaye. "Ilikuwa inapiga kelele."

"Breki kazi yake ni kusugua, shemeji. Kelele ilikuwa ya vumbi na viatu vilivyoisha. Ukiipaka grisi umeiambia isisugue." Alishangaa kusikia sauti yake imetoka kavu tu, bila pilipili.

Shemeji aliendelea kuushikilia mkono wa breki.

"Ungeniambia siku ile kama ulivyoniambia sasa hivi," alisema, "nisingepanda."

Bi Hamira alikuwa amelala chini, spana mkononi, anatazama mafuta yakitoka safi bila povu hata moja.

"Nisamehe hilo," alisema hatimaye, kwa nati zaidi kuliko kwa mtu. Kisha akaikaza. "Achia. Sasa bana."

Shemeji akabana. Mkono ukagota katikati ya njia, mgumu kama jiwe.

Aliijaribu mwenyewe, kwanza uani, kisha kwenye tambarare kabla ya mteremko, moja, mbili, tatu, na kurudi, tatu, mbili, moja, fri. Ilimtii kila mguu ulipogusa. Akabana breki mbele ya karakana ya seremala, pikipiki ikasimama pale pale, na seremala aliyekuwa amekwisha kurukia nyuma ya benchi lake akajitokeza tena akijifanya anatafuta randa.

Aliporudi, alimkuta shemeji getini akiwaeleza wale majirani wawili. "Tulianza na klachi," alikuwa akisema, akichora hewani kwa mkono mzima. "Halafu tukagundua kanyagio. Mimi tangu mwanzo nilisema si giaboksi."

Bi Hamira alizima injini. Alimtazama toka utosini hadi unyayoni, pole pole, akafika kwenye kitambaa kilichofunga bega, macho yakasimama hapo.

"Breki alishika vizuri," aliwaambia majirani, akapita ndani.

Dada alikawia kurudi uani. Bi Hamira hakwenda kumbembeleza, hakujua njia ya kwenda. Alichofanya ni kuongeza nyumba yao kwenye mzunguko wa asubuhi: alisimamisha pikipiki mlangoni, akaning'iniza mkate kwenye kitasa, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Siku moja alikuta mlango uko wazi na dada amesimama hapo na khanga mabegani. Aliupokea mkate mkononi.

"Ameamka vizuri?" Bi Hamira aliuliza.

"Ameamka," dada alisema. "Anasema mkate wako umepungua chumvi."

Bi Hamira akasonya, akapiga kiki, akatia gia, na kuendelea na safari yake.